Scribus 1.6 kwa kadi na vyeti vilivyokwisha kuchapwa: tathmini kutoka meza ya steshenari

Kadi ya mwaliko wa harusi inapofika katika steshenari yangu hapa Morogoro huwa imekwisha kupita katika mikono mingi. Mbunifu ameipanga, kiwanda cha uchapaji cha Dar es Salaam kimeichapa kwa mashine ya ofseti kwa rangi nne na urembo wa dhahabu pembeni, gilotini imeikata, na kamati ya harusi imekwisha kuilipia. Kilichobaki ni mstari mmoja wa nukta, wenye urefu wa sentimita 9 hivi, ambao juu yake panatakiwa jina la mwalikwa, na chini yake nafasi ndogo ya kuonyesha kama kadi ni ya mtu mmoja au ya watu wawili. Zamani jina hilo liliandikwa kwa kalamu na yeyote katika ukoo aliyesifika kwa mwandiko mzuri. Siku hizi wanakamati wengi wanataka lichapwe, tena lionekane kana kwamba lilichapwa siku moja na kadi yenyewe. Kazi hiyo ndogo ndiyo niliyoitumia kuipima programu ya Scribus kwa misimu miwili ya harusi, pamoja na vyeti vya mahafali na karatasi za barua zenye nembo za ofisi, na tathmini hii inahusu kazi hiyo tu. Anayetaka kujua kama Scribus inafaa kutengenezea jarida au kitabu atafute maoni ya mtu mwingine.

Scribus ni programu ya kupanga kurasa inayotolewa bure, yenye leseni huria, na inafanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Toleo ninalolizungumzia ni la mfululizo wa 1.6, ambao ulianza kutolewa Januari 2024 baada ya watumiaji kukaa na mfululizo wa 1.4 kama toleo imara kwa miaka 12. Kabla yake nilitumia PageMaker, ambayo toleo lake la mwisho, la 7.0, lilitoka mwaka 2001 na bado utaikuta katika kompyuta za steshenari nyingi, kisha nikahamia Publisher ya Microsoft. Kilichonisukuma kutafuta mbadala ni tangazo la Microsoft lenyewe kwamba Publisher haitahudumiwa tena baada ya Oktoba 2026. InDesign ya Adobe ingeifanya kazi hii bila shida yoyote, lakini inalipiwa kila mwezi, na steshenari ambayo mapato yake ya mwezi wa Kwaresima ni ya kutoa nakala za vitambulisho haiwezi kujifunga kwa malipo ya dola mwaka mzima kwa ajili ya kuchapa majina.

Kuchapa juu ya karatasi iliyokwisha kuchapwa ni kazi tofauti na kazi nyingine zote za kupanga kurasa, kwa sababu humo hakuna cha kubuni. Karatasi ndiyo bwana. Mistari imekwisha kukaa mahali pake, nafasi kati ya mstari na mstari iliamuliwa na mtu usiyemjua, na maandishi yako yakikosea kwa milimita mbili jicho la mama mzazi wa bibi harusi litaliona kosa kabla hajamaliza kulisoma jina. Programu inayofaa kwa kazi hii ni ile inayokubali kuongozwa kwa vipimo, na inayokumbuka vipimo hivyo bila kuvisogeza kwa nia njema. Programu ya kuandikia barua, kama Writer ya LibreOffice au Word, hupanga maandishi kama maji yanayoteremka: ukiongeza neno juu, kila kilicho chini kinasogea. Scribus huweka kila kipande cha maandishi ndani ya fremu yake, yaani kisanduku chake, na fremu hiyo haitikisiki hata ukifuta fremu nyingine zote za ukurasa. Kwa sababu hiyo peke yake nilikuwa tayari kuipenda.

Hatua ya kwanza haifanyiki ndani ya programu. Huchukua kadi kumi, si moja, nikizichagua juu, katikati na chini ya rundo, na kupima kwa rula ya chuma umbali kutoka ukingo wa juu hadi mstari wa nukta, na kutoka ukingo wa kushoto hadi nukta ya kwanza. Watu wengi huiruka hatua hii kwa kuamini kwamba kadi zilizotoka katika mashine moja zinafanana. Kwa maandishi zinafanana, lakini kwa ukataji hazifanani, kwa sababu gilotini inapokandamiza rundo nene karatasi za chini huweza kuhama kidogo, na tofauti ya milimita moja au zaidi kati ya kadi ya juu na ya chini si ajabu. Ukipima kadi moja ambayo kwa bahati mbaya ndiyo iliyokatwa vibaya, utapanga kadi 300 kwa kuifuata hiyo. Nilifanya hivyo mwaka jana nikaharibu kadi 14 kabla sijagundua, na kwa kuwa kamati ilikuwa imeagiza ziada ya kadi 20 tu, siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Baada ya kupima, kadi huwekwa katika skana. Picha ya simu haifai hata kama simu ni ya gharama, maana lenzi hupinda pembe na mkono hauwi sambamba na meza. Huskani kwa nukta 300 kwa inchi, na ninapoingiza picha hiyo katika fremu ya picha ya Scribus huangalia sehemu ya sifa za picha, ambako programu huonyesha ukubwa kwa asilimia na pia idadi halisi ya nukta kwa inchi, kwa upana na kwa urefu. Thamani zote mbili zikiwa 300, picha iko katika ukubwa wake wa kweli. Cheti cha A4 kilichoskaniwa hivyo kinapaswa kuwa na pikseli 2480 kwa 3508, na ukiona namba zilizo mbali na hizo ujue skana imekata ukingo au imeongeza. Hata hivyo siiamini skana kuliko rula. Picha hunisaidia kuona, na namba za rula ndizo zinazoamua.

Hapa ndipo Scribus inapojipatia heshima yake. Ukibonyeza F6 linafunguka dirisha la matabaka, na kila tabaka lina alama zake: jicho la kulionyesha au kulificha, printa ya kuruhusu au kuzuia lisichapwe, na kufuli la kulifunga lisiguswe. Picha ya kadi huiweka katika tabaka la chini, naondoa ruhusa ya kuchapwa, nalifunga kwa kufuli, kisha napunguza uzito wa rangi zake mpaka ibaki kama kivuli. Maandishi yote yanakaa katika tabaka la juu. Tangu hapo ninaona kadi nzima katika skrini, maua na dhahabu na kila kitu, na ninaandika juu yake kama mtu anayejaza fomu kwa kalamu, lakini ninapotoa faili la PDF kinachotoka ni jina tupu katika ukurasa mweupe. Katika Publisher nilikuwa nikiweka picha ya kadi, nikimaliza naifuta kabla ya kuchapa, na siku nilizosahau kuifuta printa ilichapa maua juu ya maua. Alama moja ndogo ya printa katika dirisha la matabaka imeniondolea aibu hiyo, na ningependa kumshika mkono aliyeifikiria.

Sifa ya pili ni dirisha la F2, ambalo huonyesha mahali fremu ilipo kwa milimita na visehemu vyake. Sihitaji kuiburuta fremu kwa kipanya huku nikikodoa macho, bali huandika kwamba fremu ianze milimita 38.5 kutoka kushoto na 96.2 kutoka juu, nayo inakwenda. Kuna kitu kidogo ambacho wageni wa programu hii hawakitambui mapema: karibu na namba hizo kuna mchoro wa fremu wenye vitufe vya pembe nne na cha katikati, na kitufe unachokichagua ndicho kinachohesabiwa. Kwa kadi huchagua pembe ya chini kushoto, kwa sababu ninachokijua kwa hakika ni mahali mstari wa nukta ulipo, na mstari huo uko chini ya jina. Nikibadilisha ukubwa wa herufi na kuirefusha fremu kwenda juu, sehemu ya chini inabaki palepale.

Namna herufi zinavyokaa ndani ya fremu ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuielewa, na naona ni sehemu ambayo Scribus ingeweza kuielezea kwa upole zaidi. Fremu inapoanzia si mahali herufi zinapokanyaga. Katika mpangilio wa kawaida mstari wa kwanza hushushwa kutoka ukingo wa juu wa fremu kwa kiasi kinachotegemea fonti, kwa hiyo ukibadilisha fonti ya maandishi ya kawaida ukaweka ya mwandiko wa mikato, yenye herufi zilizoungana kama za mkono, jina zima linaweza kupanda au kushuka ingawa fremu haijaguswa. Unaweza kuiambia programu ihesabu mstari wa kwanza kwa nafasi ya mistari badala ya kimo cha fonti, na ukifanya hivyo jina linatulia. Njia nyingine ninayoitumia kwa kadi ni kuyaegemeza maandishi chini ya fremu, kisha kuinua au kushusha fremu mara moja hadi miguu ya herufi iguse nukta bila kuzifunika, huku mikia ya g, j na y ikining'inia chini yake kama inavyotakiwa.

Katika vyeti vya mahafali, ambavyo vina mistari minne au mitano ya kujaza, hesabu inaongezeka kidogo. Scribus hupima nafasi ya mistari kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, yaani milimita 0.353 hivi. Cheti ambacho mistari yake ya nukta imeachana kwa milimita 8 kinahitaji nafasi ya pointi 22.68. Ukiandika 23 kwa kuona kwamba tofauti ni ndogo, kila mstari utateleza kwa milimita 0.11, na hilo halionekani katika mistari mitano, lakini katika fomu yenye mistari 25 mstari wa mwisho utakuwa umehama kwa karibu milimita 3. Programu inakubali desimali, kwa hiyo hakuna sababu ya kukadiria. Kwa fomu ndefu zenye mistari iliyolingana ninatumia gridi ya mistari ya herufi, ambayo huwekwa mara moja kwa waraka mzima na kila fremu ikaambiwa iifuate. Kwa cheti ambacho mbunifu wake alipanga mistari kwa kukisia, huku nafasi moja ikiwa ya milimita 8 na nyingine ya 9 na nusu, gridi haina kazi. Natengeneza fremu moja kwa kila mstari na maisha yanaendelea.

Wateja waliozoea Word hushangaa jambo moja kuhusu fonti. Scribus haitengenezi herufi nene au za mlalo za bandia. Kama fonti yenyewe haina sura nene, hakuna kitufe cha kuinenepesha. Mwanakamati mmoja aliyetaka jina liandikwe kwa mwandiko wa mikato na bado liwe nene alidhani nimemnyima kwa uvivu. Binafsi naiunga mkono programu katika hili, kwa sababu unene wa bandia huziba matundu ya herufi ndogo, na kwenye kadi yenye rangi ya krimu huonekana kama wino uliovuja.

Kuhusu kuchapa kwenyewe, ushauri wangu ni kutoichapa kazi moja kwa moja kutoka Scribus. Dirisha lake la kuchapa ni gumu kulielewa, na draiva, yaani programu zinazoziendesha printa ndogo za ofisini, huongeza mipangilio yao juu yake mpaka hujui nani amebadilisha nini. Ninatoa faili la PDF, ambalo ndilo Scribus inalolitengeneza vizuri kuliko kitu kingine chochote, kisha nalichapa kwa programu ya kusomea PDF nikiwa nimehakikisha ukubwa ni asilimia 100. Programu hizo mara nyingi huwa zimepangwa kuupunguza ukurasa uingie katika eneo ambalo printa inaweza kulichapa, na kupunguzwa kwa asilimia 3 tu kwenye karatasi ya A4 ni karibu milimita 9 kwa urefu. Kwa kuwa ukurasa huwekwa katikati, maandishi ya juu hushuka milimita 4 na nusu na ya chini hupanda kiasi hichohicho, na fundi asiyejua anaanza kusogeza fremu moja chini na nyingine juu mpaka kazi yote inavurugika. Mtego wa pili ni karatasi ya Letter ya Marekani, yenye milimita 216 kwa 279, ambayo printa nyingi huja nayo kama chaguo la kwanza. Kadi ya inchi 5 kwa 7 inahitaji ukubwa wake yenyewe, milimita 127 kwa 178, uandikwe katika Scribus na katika draiva pia. Ukiandika sehemu moja tu ni sawa na kutoandika kabisa.

Hata mipangilio yote ikiwa sahihi printa ina tabia zake. Ya kwangu husogeza kila kitu milimita 1.5 kulia, na milimita 2 chini ninapotumia trei ya mkono. Kwa hiyo huchapa kwanza kwenye karatasi nyeupe iliyokatwa kwa ukubwa wa kadi, naiweka juu ya kadi, nazishikilia zote mbili dhidi ya kioo cha dirisha mwanga wa nje upite, na kuona jina limeangukia wapi. Kisha nachagua fremu zote kwa pamoja na kuzirekebisha kwa namba zilizo katika F2. Kuna wakati kosa si la kusogea bali la kupinda: karatasi inaingia ikiwa imeinama kidogo, na kuinama kwa nusu digrii katika upana wa milimita 200 ni tofauti ya milimita 1.7 kati ya mwanzo na mwisho wa mstari. Scribus ina sehemu ya kuzungusha fremu kwa digrii na visehemu vyake, lakini sishauri kuitumia mpaka uwe umechapa karatasi tatu na zote zikapinda upande mmoja kwa kiasi kilekile. Ikiwa kila moja inapinda kivyake, tatizo ni vishikio vya trei, na hakuna programu duniani itakayolitibu.

Orodha ya majina ndiyo sehemu ambayo Scribus inabaki nyuma ya wenzake. Publisher na InDesign zina njia iliyojengwa ndani ya kuchukua majina kutoka katika jedwali na kuyapanga kadi kwa kadi. Scribus haina. Kinachotumika ni skripti ya nje, yaani programu ndogo ya nyongeza, iitwayo ScribusGenerator, inayotolewa bure, ambayo husoma faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, na kujaza mahali ulipoandika alama kama %VAR_jina% ndani ya fremu. Ikishasakinishwa inafanya kazi kwa uaminifu, na inaweza kutoa waraka mmoja wenye kurasa zote badala ya mafaili 300 yaliyotawanyika. Usakinishaji wake ndio utakaomkatisha tamaa mtu asiyezoea mafolda na skripti. Mimi nilihitaji jioni mbili na simu tatu kwa mpwa wangu anayesoma kompyuta, ambaye kwa simu ya tatu alianza kuniita mwanafunzi wake.

Jedwali lenyewe linahitaji nidhamu ambayo kamati za harusi hazina. Majina huja kwa WhatsApp, mengine kwa herufi kubwa zote, mengine bila cheo, na kadi imekwisha kuchapwa maneno "Bw./Bi./Dkt." kabla ya nukta, kwa hiyo aliyeandikwa "Bw. na Bi." katika orodha atatokea na vyeo viwili. Ninatenga safu moja ya cheo, moja ya jina na moja ya idadi ya watu, na cheo nakiacha kitupu ikiwa kadi inacho. Kwa kuwa majina ya heshima huwa marefu, na "Familia ya Marehemu Mzee" fulani wa mahali fulani haitoshi katika sentimita 9 kwa herufi za pointi 16, kikaguzi cha Scribus kinachopita kabla ya kutoa PDF kimeniokoa mara nyingi. Hutaja kila fremu ambayo maandishi yake yamefurika, na ukurasa iliyopo. Majina hayo nayahamishia katika kiolezo cha pili chenye herufi za pointi 13. Publisher ilikuwa ikikata neno la mwisho kimyakimya, na mara mbili nimewahi kumpelekea mzee kadi isiyo na jina la ukoo wake.

Kuna mambo ambayo mteja huilaumu programu kwa makosa ambayo si yake. Tona, ule unga wa wino wa printa ya leza, haishiki vizuri juu ya dhahabu ya kubandikwa wala juu ya kadi iliyopakwa plastiki, na jina lililochapwa hapo hubanduka kwa kucha. Karatasi za barua ambazo maandishi yake yameinuliwa kwa unga wa joto, yale unayoyahisi kwa kidole, hazifai kupita katika printa ya leza, kwa sababu joto la ndani yake huyayusha upya yale yaliyoinuliwa na kuyapaka kwenye roli. Eneo jeusi la kadi halichapiki jina kwa rangi nyeupe, maana printa ya kawaida haina nyeupe, na Scribus itakuonyesha jina jeupe zuri katika skrini ambalo halitatokea kamwe. Karibu na ukingo kuna ukanda wa milimita 4 hivi ambao printa nyingi za leza haziufikii, na mbunifu aliyeweka mstari wa jina katika ukanda huo hakumwuliza mtu wa steshenari.

Nilijaribu pia kuitumia Scribus kwa vitabu vya stakabadhi vya karatasi zinazojinakili, vile ambavyo nakala ya pili na ya tatu hutokea kwa kugongwa. Leza haigongi, kwa hiyo kazi hiyo ni ya printa ya pini, na printa ya pini ikipokea ukurasa kutoka Scribus huuchora kama picha, pini kwa pini, kwa polepole na kelele ambazo jirani yangu fundi cherehani alizilalamikia. Kwa kazi hiyo nimerudi kwenye programu ya maandishi matupu inayohesabu herufi 10 na mistari 6 kwa inchi, na sijioni nimeshindwa.

Kwa hiyo ningempa nani Scribus? Ningempa mwenye kazi inayojirudia: shule inayotoa cheti kilekile kila mwaka, ofisi yenye karatasi moja ya barua, kanisa linalotoa vyeti vya ubatizo, steshenari yenye wateja wa kadi 100 kwenda juu. Kiolezo kikishapimwa vizuri mara moja, kazi ya mwaka unaofuata ni ya nusu saa. Nisingempa mtu ambaye mteja wake amesimama kaunta na kadi tano na daladala inamngoja. Kupima, kuskani, kupanga matabaka na kujaribu dirishani kunachukua dakika 40 hata kwa mzoefu, na kwa kadi tano kalamu nzuri ya wino mweusi bado ni bora. Nimwonye pia anayefanya kazi na wengine kwamba faili lililohifadhiwa katika mfululizo wa 1.6 halitafunguka katika 1.4, kwa hiyo kompyuta zote za ofisi zipandishwe kwa pamoja.

Kompyuta yangu ina RAM ya gigabaiti 4 na Windows 10, na Scribus haijawahi kunilalamikia isipokuwa pale ninapopanga vyeti vingi huku picha kubwa ya skana ikiwa wazi katika kila ukurasa. Picha hiyo sasa naiweka katika ukurasa mkuu wa kiolezo, ili iwe moja kwa kurasa zote. Hapa kuna kero: matabaka ya ukurasa mkuu lazima yawe na majina yaleyale ya matabaka ya waraka, la sivyo kilichomo kinaonekana katika kiolezo na kupotea katika kurasa. Nililijua hilo kwa kupoteza asubuhi nzima.

Hivi sasa ninahamisha mafaili ya zamani kabla ya Oktoba 2026. Scribus 1.6 inafungua faili la Publisher yenyewe, na pia la PageMaker, na katika yale niliyoyajaribu maneno na fremu vimekuja, ingawa nafasi ya mistari imebadilika na fonti zimehitaji kuchaguliwa upya. Sisogezi kitu katika mafaili hayo kwa kuangalia skrini. Natoa kabatini kadi ya mfano ya kila mteja, niliyoihifadhi na namba za rula zikiwa zimeandikwa kwa penseli nyuma yake, na kuanza kupima tena kutoka ukingo wa juu.